Bandari ya Hirado na Amana Isiyo na Daftari

Pale Malindi, karibu na bahari, pana kanisa dogo lililojengwa na Wareno hapo zamani, nalo lina makaburi machache ubavuni. Mwaka 1542 merikebu ya Kireno iliyokuwa ikienda Goa, katika Bara Hindi, ilitia nanga Malindi, na ndani yake alikuwamo padri mmoja, jina lake Francis Xavier. Mtu mmoja wa merikebu ile alikuwa amekufa, nao wakamzika pwani pale kwa sala za Kikristo. Kisha Xavier akapanda tena chomboni, wala hakuiona pwani yetu mara ya pili.

Wengi hupita karibu na kanisa lile wasijue safari ya padri yule iliishia wapi. Miaka saba baadaye, mwezi wa Agosti 1549, alishuka katika mji wa Kagoshima, kusini mwa Japani. Na mwaka 1550 akafika katika bandari iitwayo Hirado. Leo nataka tumfuate mpaka bandari hiyo. Naye akiisha kuondoka, sisi tubaki nyuma, tutazame mambo yaliyowapata watu wa mji ule, na yale ambayo mgeni aendaye huko siku hizi aweza kuyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio.

Mimi ni mwalimu, na chombo cha mwalimu ni kitabu. Mara nyingi nimewaandikia watoto ubaoni methali ile isemayo, Mali bila daftari hupotea bila habari. Walakini habari za Hirado zimenilazimisha kuitazama tena methali hiyo, nami nitaeleza kwa nini.

Mji na mlango wake wa bahari

Hirado ni kisiwa karibu na ncha ya magharibi ya Kyushu, ambacho ni kisiwa kikubwa cha kusini mwa Japani. Kati ya Hirado na Kyushu pamepita mlango mwembamba wa bahari, na mkondo wake ni mkali. Zamani mgeni alivuka kwa mashua. Lakini tangu mwaka 1977 pana daraja jekundu la chuma lililotundikwa juu ya maji. Upande wa magharibi kuna kisiwa kingine kidogo, Ikitsuki, nacho kimeunganishwa na Hirado kwa daraja tangu mwaka 1991. Mji wenyewe umekaa penye ghuba ndogo, na vilima viko nyuma yake, hata vyombo vyaweza kujificha humo wakati wa dhoruba.

Mabwana wa nchi hiyo walikuwa wa ukoo wa Matsura, watu wa baharini tangu kale, na utajiri wao ulitoka majini zaidi kuliko mashambani. Kwa hiyo, merikebu ya Kireno ilipofika mwaka 1550, bwana wa wakati huo, Matsura Takanobu, aliipokea kwa furaha. Naye Xavier, aliposikia habari ya merikebu hiyo, alitoka Kagoshima akaenda Hirado. Bwana alitaka bunduki, hariri na faida ya biashara. Padri alitaka watu wamjue Mungu. Kila mmoja aliijua haja ya mwenzake, akaivumilia kwa ajili ya haja yake mwenyewe. Tulikumbuke jambo hili, kwa kuwa ndilo mzizi wa mengi yaliyofuata.

Kwa muda mfupi Xavier alibatiza watu wapata mia. Nyumba aliyofikia ilikuwa ya ukoo wa Kimura, na mwenyeji wake akabatizwa. Mjukuu wa mwenyeji huyo, Sebastian Kimura, alikuwa miongoni mwa Wajapani wawili wa kwanza kupewa upadri, mwaka 1601. Xavier mwenyewe hakukaa. Aliondoka Japani mwaka 1551, akafa mwezi wa Desemba 1552 katika kisiwa kidogo mbele ya pwani ya China. Lakini Wareno waliacha maneno nyuma yao, kama walivyoacha kwetu. Sisi twasema padri, meza na mvinyo, maneno tuliyoyapata kwao. Wajapani nao walilisikia neno lile lile padri wakalitamka bateren, na mkate wauita pan hata leo.

Makosa na ugomvi

Isidhaniwe kwamba mabaya yote yalitoka upande mmoja. Mwenye cheo mmoja chini ya bwana Matsura, wa ukoo wa Koteda, alibatizwa, na watu wa nchi zake, yaani Ikitsuki na vijiji vya magharibi mwa Hirado, wakabatizwa pamoja naye kwa mamia. Padri Gaspar Vilela, katika bidii yake, akawaongoza kuziteketeza sanamu za dini yao ya kwanza. Watawa wa Kibudha wakakasirika, mji ukajaa fitina, na mwaka 1558 bwana Matsura akamwamuru Vilela aondoke. Mwaka 1561 ugomvi mwingine ukazuka sokoni kwa sababu ya bei ya nguo. Panga zikachomolewa, na nahodha wa Kireno akauawa pamoja na wenzake zaidi ya kumi. Baada ya hayo merikebu za Kireno zikatafuta bandari nyingine, na tangu mwaka 1571 zikawa zikienda Nagasaki.

Biashara ilipokwisha kuondoka, uvumilivu nao ukaanza kuondoka. Takanobu alikufa mwaka 1599, na mwanawe akataka watu wote, Wakristo pia, washiriki ibada za Kibudha za kumwombolezea. Wakuu wa ukoo wa Koteda hawakukubali. Usiku mmoja wakapanda mashuani pamoja na watu wapatao 600, wakaacha mashamba na nyumba, wakaenda Nagasaki. Walioondoka waliisalimisha dhamiri yao. Lakini wakulima na wavuvi wengi walibaki, nao sasa hawakuwa na bwana wa kuwakinga. Habari ya amana ninayotaka kuieleza ni habari ya hao waliobaki.

Waholanzi, Waingereza na viazi vitamu

Mwaka 1609 merikebu mbili za Kiholanzi zilifika Hirado, na Waholanzi wakapewa ruhusa na Tokugawa Ieyasu, mwenye enzi juu ya nchi yote, kufungua nyumba ya biashara hapo. Mwaka 1613 wakaja Waingereza, nahodha wao John Saris katika merikebu iitwayo Clove, nao pia wakafungua nyumba yao. Aliyewasaidia sana ni Mwingereza William Adams, rubani wa baharini, aliyekuwa amefika Japani tangu mwaka 1600 katika merikebu ya Kiholanzi, akapendwa na Ieyasu hata akapewa cheo na shamba. Adams alikufa Hirado mwaka 1620.

Waingereza hawakupata faida, wakafunga nyumba yao mwaka 1623. Walakini jambo moja dogo walilolifanya litawapendeza wakulima wasomao gazeti hili. Mwaka 1615 mkuu wa nyumba yao, Richard Cocks, alipata viazi vitamu ambavyo Adams alivileta kutoka visiwa vya Ryukyu. Akalima bustani akavipanda, akaandika katika daftari yake ya kila siku kwamba zao hilo lilikuwa bado halijapandwa Japani. Hata leo mahali pa shamba hilo huonyeshwa wageni, nje kidogo ya mji.

Mwaka uandikwao juu ya ukuta

Wakati huo huo mambo yalikuwa yakizidi kuwa magumu kwa Wakristo. Mwaka 1597 watu 26 walisulubishwa Nagasaki. Mwaka 1609 Gaspar Nishi, mwangalizi wa watu katika kisiwa cha Ikitsuki, aliuawa kwa ajili ya imani yake pamoja na mkewe na mwanawe. Mwaka 1614 dini ya Kikristo ikapigwa marufuku katika nchi yote, na mapadri wakaamriwa kutoka. Baadhi yao walirudi kwa siri. Mmoja wao, Camillo Costanzo, alichomwa moto mwaka 1622 katika pwani ya Tabira, ambayo hutazamana na mji wa Hirado. Wenyeji waliomsaidia walipelekwa katika kisiwa kidogo chenye mawe matupu, kiitwacho Nakaenoshima, wakauawa huko. Na Sebastian Kimura, mjukuu wa yule aliyemkaribisha Xavier, alichomwa moto Nagasaki mwaka huo huo.

Kisha kila mtu akaandikishwa katika hekalu la Kibudha, na katika sehemu nyingi za Kyushu watu wakalazimishwa kukanyaga sanamu ya Kristo au ya Mariamu mbele ya maofisa, ili ijulikane nani Mkristo na nani siye. Baada ya maasi ya wakulima wa Shimabara, ambao wengi wao walikuwa Wakristo, katika miaka ya 1637 na 1638, serikali ikawa na hofu zaidi. Mwaka 1639 Wareno wakafukuzwa kabisa. Mwaka huo pia wanawake waliozaa na Wazungu, pamoja na watoto wao, walitiwa merikebuni Hirado na Nagasaki, wakapelekwa Batavia, mji uitwao Jakarta siku hizi. Hawakuruhusiwa kurudi. Barua moja ya mwanamke kama huyo yatunzwa Hirado hata leo. Aliiandika juu ya vipande vya kitambaa vilivyoshonwa pamoja.

Waholanzi walidhani wao wamesalimika, kwa kuwa hawakuhubiri dini, na katika vita vya Shimabara walikuwa wameisaidia serikali kwa mizinga yao. Mwaka 1639 wakajenga ghala kubwa la mawe, na juu yake wakachonga mwaka wa kujengwa, 1639, kama ilivyo desturi ya Wazungu. Mwaka uliofuata akaja mkaguzi kutoka kwa serikali kuu. Akasema kwamba mwaka huo huhesabiwa tangu kuzaliwa kwa Kristo, na kwa hiyo ghala lote livunjwe. Mkuu wa Waholanzi, François Caron, hakubishana. Akaamuru lianze kubomolewa mara moja, na hivyo akaokoa roho za watu wake. Mwaka 1641 Waholanzi wakahamishiwa Dejima, kisiwa kidogo kilichotengenezwa na watu katika bandari ya Nagasaki. Hirado, iliyokuwa imepokea merikebu za Ulaya tangu 1550, ikawa bandari ya wavuvi.

Mambo mgeni aonayo mjini

Basi tutembee katika mji wa sasa. Ghala la Waholanzi limejengwa upya mahali pale pale, likafunguliwa mwaka 2011, na mwaka 1639 umechongwa tena juu yake. Karibu na hapo pana kipande cha ukuta wa Waholanzi, na kisima, na ngazi za mawe zishukazo baharini. Mbele kidogo pana daraja la mawe lenye umbo la upinde, lililojengwa mwaka 1702. Wenyeji huliita daraja la Waholanzi, ingawa Waholanzi walikuwa wameondoka tangu miaka 61. Wasema kwamba waashi wa Hirado walijifunza kazi ya mawe walipolijenga lile ghala, wakawafundisha wana wao. Ghala lilivunjwa, bali ujuzi wa mikono haukuvunjwa.

Ndivyo ilivyo kwa kitamutamu kimoja kinachopikwa mjini, kiitwacho kasudosu. Ni kipande cha keki kilichochovywa katika kiini cha yai, kikapikwa katika maji mazito ya sukari, kisha kikapakwa sukari nje. Mapishi haya yalitoka kwa Wareno. Kwa muda mrefu kilikuwa chakula cha meza ya bwana Matsura, lakini sasa hata mtoto aweza kukinunua dukani. Bwana mmoja wa ukoo huo, katika miaka ya 1840, alitengeneza kitabu cha picha za vitamutamu mia, kila kimoja na namna ya kukipika. Hapo methali yetu imetimia vema: mali ile ilipata daftari.

Ukoo wa Matsura walikuwa pia na namna yao wenyewe ya kuandaa na kunywa chai kwa heshima, iliyoanzishwa na bwana Matsura Chinshin, aliyekufa mwaka 1703. Hufundishwa mpaka leo. Nyumba yao ya mwaka 1893 imekuwa makumbusho, na katika ua wake kuna kibanda kilichoezekwa nyasi ambamo mgeni hukaribishwa chai hiyo. Mwezi wa Oktoba, katika sikukuu kubwa ya mji, makuhani wa Kishinto hucheza ngoma zao 24, na katika moja mchezaji hushika upanga kwa meno huku akizunguka. Mwezi wa Agosti vijiji hucheza ngoma iitwayo jangara, ya kuombea mavuno na kuwakumbuka wafu. Wasema jina hilo latokana na mlio wa kengele na ngoma. Mwaka 2022 jangara iliingizwa, pamoja na ngoma nyingine za Japani, katika orodha ya mila za watu zitunzwazo na UNESCO.

Mambo hayo yote yafanywa hadharani, nayo yana walinzi wengi: bwana, hekalu, serikali, sasa na wageni wenye fedha. Lakini iko amana nyingine iliyotunzwa bila mlinzi yeyote.

Sala katika chumba cha ndani

Twende sasa Ikitsuki, na katika vijiji vya magharibi kama Kasuga, chenye mashamba ya mpunga yaliyokatwa ngazi ngazi kutoka mlimani hata baharini. Hapo ndipo waliishi wale waliobaki nyuma mwaka 1599. Mapadri walikwisha kuuawa au kufukuzwa. Vitabu viliteketezwa. Kupatikana na msalaba kulikuwa kifo. Je, watu hao walifanyaje?

Walijigawanya katika vikundi vidogo vya nyumba chache chache, na kila mmoja akapewa kazi yake. Mmoja alitunza picha takatifu. Mwingine alibatiza watoto. Mwingine alijua siku za sikukuu. Picha zilitundikwa katika nando, yaani chumba cha ndani cha kuwekea vitu, ambamo mgeni haingii. Humo utaona Mama Mariamu amevaa kanzu ya Kijapani, na Yohana Mbatizaji amefunga nywele kama Mjapani. Picha ilipochakaa, walichora nyingine kwa kuifuatisha ile ya kwanza, na tendo hilo waliliita kufua, kama mtu afuavyo nguo. Kwa hiyo kila kizazi kiliziona picha hizo zimekuwa mpya, nazo kila mara zikafanana zaidi na watu wa kijiji.

Maji ya ubatizo waliyateka katika kisiwa cha Nakaenoshima, pale pale walipouawa wenzao. Walipiga makasia mpaka huko, wakasali mbele ya jabali, wakakinga matone yatokayo katika nyufa zake. Mtu wao alipokufa, sheria ilitaka mtawa wa Kibudha aje kumsomea. Wakamkaribisha, wakamheshimu, lakini katika chumba cha pili wenzao walikaa wakinong'ona sala zao wenyewe, ili maneno ya mtawa yasimpate marehemu.

Na sala zenyewe, waziitazo orasho, walizijifunza kwa kusikia tu, baba kwa mwana. Zilikuwa za Kijapani cha kale, zimechanganyika na Kilatini na Kireno. Mwisho hapakuwa na mtu aliyejua maana ya maneno yale ya kigeni. Walakini hakuna aliyethubutu kuyapunguza. Mojawapo ya nyimbo zao huitwa Gururiyoza. Hilo ni neno la Kilatini gloriosa, yaani mtukufu, kama ndimi za wavuvi zilivyolihifadhi. Katika karne ya 20 mtaalamu wa muziki, Tatsuo Minagawa, aliusikia wimbo huo Ikitsuki, akaenda kuutafuta asili yake katika maktaba za Ulaya. Aliupata Hispania, katika kitabu cha zamani. Ulikuwa umesahauliwa huko. Wavuvi wa Ikitsuki, wasiokuwa na kitabu, walikuwa bado wanauimba.

Basi, wasomaji, methali yetu imesemaje hapo? Mali hiyo haikuwa na daftari kwa zaidi ya miaka 200, wala haikupotea. Daftari yake ilikuwa watu wenyewe.

Mlango ulipofunguliwa

Walakini hadithi haikwisha hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo ngumu. Mwezi wa Machi 1865, katika kanisa jipya lililojengwa Nagasaki kwa ajili ya wageni, wakulima wa kijiji cha Urakami walimwendea padri Mfaransa, Bernard Petitjean, wakamwambia kwa siri kwamba moyo wao na moyo wake ni mmoja. Habari hiyo ilishangaza ulimwengu. Serikali iliwatesa tena; zaidi ya watu 3,000 wa Urakami walihamishwa kwa nguvu. Lakini mwaka 1873 mbao za marufuku zikaondolewa.

Wengi katika nchi ile wakarudi kwa mapadri, wakafundishwa upya. Makanisa yao mgeni huyaona mpaka leo: lile la matofali la Tabira, la mwaka 1918, ambalo chokaa yake walipata kwa kuchoma makombe ya baharini, na lile la mjini Hirado, la mwaka 1931, lenye jina la Francis Xavier. Kuna njia moja ya ngazi mjini ambapo ukiinua macho waona mapaa ya mahekalu ya Kibudha, na nyuma yao mnara wa kanisa. Mahekalu yale yale ambamo Wakristo waliandikishwa kwa hofu sasa ni majirani wa kanisa.

Lakini katika Ikitsuki wengi hawakurudi. Walipoambiwa kwamba sala zao zimeharibika, na kwamba waondoe madhabahu za wazee wao nyumbani, walijibu kwamba hayo ndiyo waliyopewa na baba zao, na baba zao waliyafia. Je, tuseme walikosea? Kwa elimu ya dini twaweza kusema kwamba walichanganya mengi. Lakini mimi nikimfikiria mzee yule aliyenong'ona katika chumba cha pili wakati mtawa akisoma, naona vigumu kumhukumu. Mapadri walimwachia mbegu wakaenda zao, si kwa kupenda, bali kwa kufukuzwa. Yeye aliipanda katika udongo aliokuwa nao, akainywesha kwa maji ya Nakaenoshima. Baada ya miaka 250 mmea ule haukufanana kabisa na mmea wa Ulaya. Ni ajabu gani hiyo? Ajabu ni kwamba uliota.

Tena jambo la kuhuzunisha ni hili. Amana iliyoshinda moto na upanga haikushindwa na mateso. Imedhoofika wakati wa amani. Vijana wa visiwa walikwenda mijini kutafuta kazi. Kazi za kikundi zilikuwa nzito, na sala ndefu zataka miaka ya kujifunza, wala hakuna tena adui wa kuwafanya wakaze kamba. Vikundi vingi vimevunjwa, kimoja baada ya kimoja; huko Kasuga havipo tena. Vitu vingine vilivyofichwa katika nando sasa vyaonyeshwa ndani ya kabati za kioo katika makumbusho ya kisiwani. Mwaka 2018 UNESCO iliandika kijiji cha Kasuga, mlima mtakatifu wa Yasumandake na kisiwa cha Nakaenoshima, pamoja na mahali pengine pa nchi ile, katika orodha ya urithi wa dunia. Hivyo daftari imepatikana, tena daftari kubwa sana, wakati waimbaji wamebaki wachache tu.

Maneno ya mwisho

Kwa hiyo sijaifuta methali yetu ubaoni, bali nimeiongezea maneno ninapowafundisha watoto. Nawaambia kwamba daftari bila mtu wa kuisoma ni karatasi tu. Hirado ilipata merikebu, ikapata ghala la mawe, ikapata fedha. Vyote hivyo viliondolewa kwa amri ya siku moja. Yaliyobaki ni yale ambayo mtu mzima alikaa chini na mtoto akamfundisha: kuchonga jiwe, kupika keki, kupiga ngoma, kuimba sala.

Sisi tusomao tuna vitabu vya sala na vya nyimbo, nasi tusali bila kufunga mlango. Hiyo ni neema kubwa. Lakini katika nyumba zetu mna mambo mengi yasiyoandikwa popote: habari za wazee wetu waliobatizwa wa kwanza, jinsi walivyopata taabu, nyimbo walizozitunga, dawa walizozijua, mipaka ya mashamba na sababu zake. Bibi ajuaye hayo huenda ameketi jikoni sasa hivi, na mjukuu wake yuko karibu naye. Hakuna afisa mlangoni wa kuwazuia wasizungumze. Basi, msomaji, ukiisha kulikunja gazeti hili, nenda jikoni ukaketi nao, umwombe bibi aanze.